Endometriosisi, Homoni na Kiu ya Kupata Mtoto: Mambo ambayo Wanandoa Wakatoliki Wanapaswa Kuyafahamu



Katika semina za ndoa na familia liko swali ambalo ni nadra kuulizwa mbele ya watu wote. Huletwa pembeni, baada ya sala ya kufunga, kwa sauti ya chini. Mama anaeleza kwamba ni miaka kadhaa tangu afunge ndoa na bado hajapata mtoto. Kwamba kila mwezi maumivu ya hedhi humlaza kitandani. Kwamba daktari amemwambia ana ugonjwa wa endometriosisi na kumwandikia vidonge vya homoni, vilevile ambavyo wengine huvitumia kwa uzazi wa mpango. Ndipo anauliza: “Je, nikivimeza natenda dhambi? Na kama vinazuia mimba, mtoto nitampataje?”

Swali la kwanza ni la maadili, la pili ni la tiba. Yote mawili yana majibu, na majibu hayo yanategemeana. Makala haya yanakusudia kuyaeleza kwa utulivu, ili wanandoa waingie katika chumba cha daktari wakiwa na maarifa, na watoke humo wakiwa na dhamiri iliyotulia.

Ugonjwa huu ni nini?

Ndani ya mji wa mimba kuna utando laini ambao hunenepa kila mwezi ili kujiandaa kuipokea mimba. Mimba isipotungwa, utando huo humeguka na kutoka kama damu ya hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, tishu zinazofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, nyuma ya mji wa mimba, kwenye mirija ya uzazi, kwenye utumbo au kibofu cha mkojo, na mara chache hata kifuani. Tishu hizo nazo huitikia homoni za kila mwezi na kuvuja damu, lakini damu hiyo haina njia ya kutokea. Mahali hapo huvimba na kuuma, na baada ya muda makovu hujengeka na kuvigandisha viungo ambavyo vilipaswa kuwa huru.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani, wanaishi na ugonjwa huu. Kwa hiyo katika parokia yoyote yenye familia nyingi, wapo. Katika ukanda wetu baadhi yao wamesema hadharani, nasi tunawashukuru. Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, amesimulia kwa uwazi safari yake ya maumivu na upasuaji wa mara nyingi. Mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, aliyefariki dunia mwezi Juni 2024, aliwaeleza wengi jinsi ugonjwa huu ulivyofika hata katika kifua chake na kuathiri mapafu.

Chanzo chake hakijafahamika kikamilifu. Mwaka 1927 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kuingia tumboni. Baadaye ilionekana kwamba jambo hilo huwatokea wanawake wengi, na wengi wao hawaugui. Hivyo urithi wa kifamilia na namna kinga ya mwili inavyofanya kazi vina nafasi yake pia. La muhimu ni hili: endometriosisi si laana, si adhabu ya dhambi, si matokeo ya kurogwa, wala si ushahidi kwamba mwanamke aliwahi kutoa mimba. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine.

Dalili zake ni maumivu makali ya hedhi yanayomzuia mtu kwenda shule au kazini, maumivu ya nyonga hata nje ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, maumivu wakati wa kujisaidia siku za hedhi, na uchovu usioisha. Wengine hawana dalili yoyote mpaka wanapotafuta mtoto na kumkosa. Madaktari huugawa ugonjwa huu katika hatua nne, lakini hatua na maumivu havilingani: mwenye hatua ya kwanza aweza kuumia sana, na mwenye hatua ya nne asihisi kitu.

Wasichana wengi huambiwa, “Vumilia, ukiolewa na kuzaa yataisha.” Kauli hiyo husemwa kwa nia njema, lakini si kweli. Ujauzito waweza kutuliza dalili kwa muda, nazo zikarudi baadaye. Ujauzito si dawa ya endometriosisi. Kwa sababu ya kauli kama hizo, miaka kadhaa hupita kabla mgonjwa hajajua anaumwa nini.

Homoni zinasema nini, na hazisemi nini

Homoni inayoulisha ugonjwa huu ni estrojeni. Hutengenezwa hasa na ovari, lakini tishu za endometriosisi zina uwezo wa kujitengenezea estrojeni zake zenyewe. Homoni ya pili, projesteroni, ambayo kwa kawaida hutuliza utando wa mji wa mimba na kuuandaa kupokea mimba, haisikilizwi ipasavyo na tishu hizo. Hivyo kinachochochea ni kingi na kinachotuliza hakisikiki. Ndiyo maana dawa nyingi za ugonjwa huu hulenga kupunguza estrojeni au kuongeza nguvu ya projesteroni.

Wanandoa wengi hurudi kutoka maabara na karatasi yenye majina na tarakimu wasizozielewa, wakaanza kuhuzunika kabla hawajaelezwa. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna kipimo cha homoni katika damu kinachoweza kuthibitisha au kukanusha endometriosisi. Kipimo cha ultrasaundi chaweza kuonyesha uvimbe wenye damu nzito juu ya ovari, lakini mara nyingi hakioni vidonda vidogo. Ultrasaundi safi, kwa hiyo, haimaanishi kwamba mwanamke anajisingizia. Laparoskopia, yaani upasuaji wa matundu madogo ambapo kamera huingizwa tumboni, humwezesha daktari kuona na kutibu kwa wakati mmoja.

Vipimo vya homoni vina kazi nyingine: kueleza hali ya uzazi kwa ujumla.

Homoni ya FSH hutoka katika tezi ya pituitari chini ya ubongo na huamsha mayai. Hupimwa kati ya siku ya 2 na ya 4 ya hedhi, pamoja na estrojeni. FSH ikizidi 10, huenda akiba ya mayai imepungua, kwa kuwa tezi inalazimika kuiita ovari kwa sauti kubwa zaidi.

Homoni ya AMH hutoka katika vifuko vidogo vya mayai na huonyesha ukubwa wa akiba hiyo. Mara nyingi kiwango kilicho chini ya nanogramu 1 kwa mililita huhesabiwa kuwa cha chini. Lakini AMH huonyesha wingi wa mayai, si ubora wake, wala haitabiri kwamba mama hatashika mimba kwa njia ya kawaida. Mimba huhitaji yai moja. AMH ya chini ni sababu ya kutochelewa, si hukumu.

Projesteroni hupimwa siku 7 hivi baada ya yai kutoka, yaani karibu siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Ikizidi nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka. Mwenye mzunguko mrefu akipimwa siku ya 21 aweza kupata jibu la kumpotosha, kwa sababu yai lake bado halijatoka. Kwa hiyo ni vema mama aijue siku ya upevushaji wake, na hapa Njia ya Billings, iliyoasisiwa na wanandoa Wakatoliki wa Australia, John na Evelyn Billings, husaidia sana: mama hujifunza kuusoma ute wa uzazi na kuandika kila siku anachokiona.

Daktari huongeza vipimo vya tezi ya shingo na vya prolaktini, kwa kuwa matatizo hayo nayo huzuia mimba na hutibika. Yafaa pia kumweleza dawa unazotumia: aliye katika vidonge vya homoni hawezi kupata jibu la kuaminika la FSH, na AMH yake yaweza kushuka kiasi.

Hatimaye, mume naye apimwe tangu mwanzo. Si haki mke kupita mikononi mwa madaktari miaka mitatu wakati mume hajapimwa hata mara moja. Wapo waume wanaosita kwa sababu ya namna mbegu zinavyochukuliwa hospitalini, na dhamiri yao inastahili heshima. Iko njia inayokubalika: sampuli hupatikana katika tendo la ndoa lenyewe, kwa mfuko maalumu usio na dawa ya kuua mbegu, wenye tundu dogo, kisha hufikishwa maabara mapema. Mweleze daktari jambo hilo bila haya.

Njia mbili za tiba zisizopaswa kuchanganywa

Hapa ndipo wanandoa wengi hupoteza muda. Kutibu maumivu ni jambo moja. Kutafuta mtoto ni jambo jingine.

Kwa maumivu, daktari huanza na dawa kama ibuprofeni. Zisipotosha, hutoa homoni: vidonge vya mchanganyiko, vidonge vya jamii ya projesteroni kama dienogesti, sindano ya miezi mitatu, au dawa zenye nguvu zaidi zinazozima kwa muda kazi ya ovari. Zote huwanyima vidonda vile chakula chao, na wengi hupata nafuu kubwa. Lakini zinapofanya kazi, nyingi huzuia yai kutoka, na utafiti haukuonyesha kwamba kuzitumia kwanza huongeza uwezekano wa kushika mimba baada ya kuziacha. Kwa hiyo mama anayetafuta mtoto akipewa vidonge kwa miezi mingi, na aulize kwa adabu: “Daktari, dawa hii ni ya maumivu au ni ya kunisaidia kushika mimba?” Kuhusu sindano ya miezi mitatu, ifahamike kwamba uwezo wa kushika mimba waweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, hata karibu mwaka, baada ya sindano ya mwisho.

Kwa anayetafuta mtoto, njia ni nyingine.

Kwanza, kusubiri kwa maarifa. Inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya wenye endometriosisi hupata shida ya kushika mimba. Maana yake wengi wengine hushika bila tiba. Mke kijana mwenye ugonjwa mwepesi, mirija iliyo wazi na mume mwenye afya aweza kujaribu kwa miezi kadhaa, akizifuata siku zake za rutuba. Yai huishi muda usiozidi siku moja. Mbegu za mume zaweza kuishi hadi siku 5. Lakini aliyevuka miaka 35, au ambaye tayari anajua ana endometriosisi, asingoje mwaka mzima kabla ya kumwona daktari bingwa.

Pili, upasuaji. Katika utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 1997, wanawake 341 wagumba wenye endometriosisi ya hatua za mwanzo walifanyiwa laparoskopia. Baadhi waliondolewa vidonda, wengine walichunguzwa tu. Katika wiki 36 zilizofuata, takribani 31 kati ya kila 100 walioondolewa vidonda walipata mimba iliyovuka wiki 20, ikilinganishwa na takribani 18 kati ya kila 100 waliochunguzwa tu. Faida hiyo ni ya kweli, lakini si ahadi kwa kila mmoja. Tena upasuaji wa uvimbe ulio juu ya ovari waweza kuondoa pamoja nao mayai mazima. Kwa hiyo ni busara kupima AMH kabla, kumtafuta mpasuaji mwenye uzoefu, na kutorudia upasuaji pasipo sababu nzito.

Tatu, dawa za kupevusha mayai, kama klomifeni na letrozoli. Letrozoli huzuia utengenezaji wa estrojeni kwa siku chache, na tezi ya pituitari huitikia kwa kutoa FSH zaidi, yai likakua. Dawa hizi huhitaji usimamizi wa daktari, maana zaweza kuleta mimba ya mapacha au kuchochea ovari kupita kiasi. Zisinunuliwe dukani kwa ushauri wa jirani.

Kanisa linafundisha nini?

Wapo waamini wanaodhani kwamba Mama Kanisa hupinga kila tiba ya uzazi. Si hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2375, inahimiza utafiti unaolenga kupunguza ugumba. Na Hati ya Dignitas Personae, iliyotolewa mwaka 2008 na Baraza la Kipapa la Mafundisho Sadikifu ya Kanisa, katika namba 13 inautaja ugonjwa huu kwa jina lake: upasuaji wa endometriosisi, tiba ya homoni kwa ajili ya ugumba, na kufungua mirija iliyoziba vyote ni halali, kwa sababu huondoa kizuizi na kuliacha tendo la ndoa lizae matunda yake lenyewe.

Na vidonge vya maumivu? Mtakatifu Paulo VI, katika Waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 15, alifundisha kwamba tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili si haramu, hata kama inatarajiwa kuzuia uzazi, mradi kizuizi hicho chenyewe si ndicho kinachokusudiwa. Mama anayemeza vidonge ili kutibu endometriosisi hatendi dhambi. Hana sababu ya kujificha wala kukaa mbali na Ekaristi kwa jambo hilo. Akiwa na mashaka, na azungumze na padre wake na daktari wake.

Mpaka uko wapi? Mara nyingi wanandoa hawa hushauriwa utungishaji mimba nje ya mwili, yaani katika maabara. Kanisa, katika Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 na katika Dignitas Personae, linafundisha kwamba njia hiyo haikubaliki, hata pale mbegu na yai vinapotoka kwa mume na mke wenyewe. Mtoto anastahili kutungwa katika tendo la upendo la wazazi wake, si kutengenezwa na fundi wa maabara. Na mara nyingi viinitete vingi hutengenezwa, vikachaguliwa, vikagandishwa au kutupwa, navyo ni uhai wa binadamu. Kutumia mbegu au yai la mtu mwingine, au tumbo la mwanamke mwingine, huvunja umoja wa ndoa. Ni halali kulisaidia tendo la ndoa lifikie lengo lake. Si halali kuchukua nafasi yake.

Tunakiri kwamba fundisho hili ni msalaba mzito kwa mama ambaye mirija yake imeharibika na umri unasonga. Kanisa halilisemi kwa wepesi, wala halimhukumu mtu. Na mtoto aliyezaliwa kwa njia hiyo ni sura ya Mungu kamili, anayestahili Ubatizo, upendo na heshima sawa na mtoto mwingine yeyote. Hoja ya Kanisa inaanzia papo hapo: kwa kuwa mtoto ni mtu kamili, yeye ni zawadi, na hakuna awezaye kumdai kama haki.

Kwa mume, kwa ndugu na kwa jumuiya

Elkana hakumfukuza Hana kwa kukosa mtoto, alimpa sehemu yake mezani na kumwonyesha upendo (rej. 1Sam 1). Lakini Penina alimchokoza mwaka hadi mwaka, hata akalia na kuacha kula. Tujiulize kwa unyofu: katika familia zetu, sisi ni nani kati ya hao? Ndoa ya Kikristo ni kamili na halali bila mtoto. Ugumba hauvunji ndoa, wala haumpi mume ruhusa ya kutafuta mtoto nje. Mama mkwe anayeuliza kila Krismasi, “Mjukuu yuko wapi?” na ajue kwamba swali lake huenda linaangukia juu ya kidonda.

Mume na aende kliniki pamoja na mkewe. Tendo la ndoa likiwa na maumivu, subira ni upendo. Viongozi wa WAWATA na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wasimpe jina la mvivu mama asiyeonekana kwenye shughuli siku fulani za mwezi. Walimu na wazazi wasimpuuze binti anayekosa masomo kila mwezi. Wampeleke kituo cha afya na kuomba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Na wale wanaohama kutoka mganga hadi mganga na kutoka mhubiri hadi mhubiri wamkumbuke yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, akamaliza mali yake yote (rej. Mk 5:25-34). Yesu hakumlaumu wala kumwona najisi. Alimwita binti yake. Yoshua bin Sira naye anatufundisha katika sura ya 38 kusali na kumheshimu tabibu. Hakutuambia tuchague kimoja.

Wapo watakaotibiwa wakapata mtoto, nasi tutaimba pamoja nao. Wapo watakaotibiwa vizuri, wakasali vizuri, na utoto usije nyumbani mwao. Kwao Katekisimu, namba 2379, inaonyesha njia ya kuuunganisha msalaba wao na ule wa Bwana, na kuzaa kwa namna nyingine: kuasili mtoto aliyeachwa, au kuwahudumia wenye shida. Hiyo si ndoa ya daraja la pili. Ni ndoa inayozaa matunda mahali ambapo wengi hawakutazama.

Kwa yule mama aliyeuliza kwa sauti ya chini, jibu ni hili: dada yetu, kutibiwa si dhambi. Muulize daktari dawa ni ya nini. Pima mapema, pima pamoja na mumeo, wala usione haya. Bikira Maria, aliyefanya haraka kwenda kwa Elisabeti, aifikie nyumba yako pia.